Kerezo la Timazi

Kwanza Timazi aliilaumu nyundo. Alisema mpini wake umelegea, akautia kabari, akauloweka majini, akaujaribu tena; misumari ikaendelea kulala upande kama walevi. Baadaye akazilaumu mbao za siku hizi, zinazokatwa mbichi. Halafu miwani. Mkewe alikuwa akishona katika chumba cha mbele, na kila pigo lilimfikia kupitia ukutani. Alijua kabla ya mwenyewe kujua. Pigo la mumewe alilijua kama alivyojua hatua zake mlangoni: mapigo mepesi ya kuushika msumari, halafu mazito ya kuuzamisha. Sasa yalikuja ovyo. Jepesi, zito, kimya, tusi, halafu jepesi tena.

Mficha maradhi kilio humfichua, na yeye alikiogopa hicho kilio, basi akamsaidia kuficha. Akaanza kummiminia chai nusu kikombe badala ya kukijaza, naye mume akaanza kuipokea nusu bila kuuliza iliyobaki imekwenda wapi.

Jina la Timazi, yaani uzi wa mafundi wa kupimia wima, alipewa ujanani na fundi aliyemfundisha useremala, kwa sababu milango yake ilisimama wima hata kabla ya kupimwa. Mkewe naye watu walimwita Bi Pindo, kwa ugonjwa wake wa kufumua pindo lililopotoka hata kama mwenye nguo ameshaivaa na ameshaaga. Mtaani walisema wale wawili wameokotana: huyu hataki ukuta uliopinda, yule hataki gauni lililopinda, ole wake mtoto wao akizaliwa na matege. Walijaliwa mmoja tu, binti, na miguu yake ilinyooka barabara. Ikampeleka mbali kwa mume, akabaki sauti ya kwenye simu.

Kilio kilifika siku Timazi alipokuwa akitega bawaba kwenye mlango wa mteja. Patasi ilimponyoka, ikapita juu ya ubao na kuacha mkwaruzo toka komeo mpaka kitasa. Mteja, mtu mstaarabu, alisema si neno, utapakwa rangi. Lakini Timazi alikaa sakafuni, akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto kama mtu aliyemkamata mwizi, na mkono ukaendelea kutetemeka ndani ya kifungo. Aliyemleta nyumbani alikuwa mdogo wake, fundi wa magari, ambaye mtaa mzima ulimwita Spana.

Hospitali walikwenda wote watatu. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwambia Timazi atembee, ageuke, agonganishe vidole, kisha akaeleza taratibu kwamba mkono hauna ugonjwa wowote. Anayeumwa ni ubongo unaoutuma. Ziko dawa.

"Zitaponya?" akauliza Bi Pindo.

"Zitaupunguzia ugonjwa makali, mama. Kuuondoa, hapana."

Spana alikuwa akitazama viatu vyake. Timazi peke yake ndiye aliyeonekana hasikii. Macho yake yalikuwa kwenye kalamu ya daktari, ya mbao nyeusi yenye mishipa myekundu, iliyonona katikati na kuchongoka mwishoni.

"Daktari, niazime hiyo mara moja."

Akaizungusha vidoleni, akaipeleka dirishani, akaipitisha kucha kwenye kiungo cha mbao na chuma. Kucha haikukwama.

"Hii imekerezwa," akasema. "Na aliyeikereza alikuwa amekaa kitako."

Njiani alizungumza kuliko alivyozungumza mwezi mzima. Mbao ya mlango, alisema, inalala, na fundi ndiye anayehangaika: apande, ashuke, ainame, asukume. Lakini kwenye kerezo mbao ndiyo inayozunguka. Fundi amekaa, patasi imelala juu ya kiegemeo cha chuma, kiwiko kimebana mbavuni. Mkono hauna pa kutetemekea. "Kalamu haina ngazi, haina bawaba, haihitaji mabega. Miaka yote nimegombana na mkono, kumbe mkubwa wake ndiye mkorofi! Basi tutampa mkono kazi ndogo ndogo, mkubwa asijue."

Spana akacheka mpaka akasimama. Bi Pindo naye akacheka, na katika kucheka huko akaanza kuamini, kama mtu anayesinzia bila kukusudia.

*

Muuza mashine kuukuu alikuwa na uwanja nyuma ya stoo za saruji, umejaa vyuma vilivyokwisha kazi na vingine vilivyosingiziwa. Kerezo lilikuwa chini ya turubai, dogo, refu kama mkono wa mtu mzima toka bega mpaka vidoleni: upande mmoja kichwa chenye mota, upande wa pili mkia unaosogea, na katikati reli mbili za chuma. Lilichakaa rangi tu. Timazi alipiga goti mbele yake. Alikizungusha kichwa kwa kidole na kutega sikio, akausogeza mkia mpaka ncha yake ikakaribia ncha ya kichwa, akafumba jicho moja.

"Zinatazamana," akamwambia Spana. "Tazama. Kama watu wanaotaka kunong'onezana."

Walikubaliana kubadilishana. Timazi angetoa mashine yake kubwa ya kuranda, ile iliyolisha nyumba tangu binti yao hajaota meno, naye angepewa kerezo pamoja na patasi zake na boksi la vifaa vya kalamu: mirija ya shaba, ncha, vibanio, vijiti vya wino. Muuzaji mwenyewe aliona haya.

"Mzee, unanipa ng'ombe unachukua mbuzi?"

"Ng'ombe wangu hakamuliki tena," Timazi akajibu. "Mbuzi nitamweza hata nikiwa nimekaa."

Siku vijana wa muuzaji walipokuja kuichukua randa, alijipa shughuli ya kutafuta ufunguo chumbani. Bi Pindo ndiye aliyesimama mlangoni mwa karakana akiangalia ikipandishwa kwenye gari. Pale ilipokuwa, sakafu ilibaki na alama safi ya mraba, na vumbi la mbao pembeni yake lilikuwa limegandamana kama ukoko. Alilikwangua, akalizoa, akaosha sakafu kwa sabuni. Hakutaka mumewe aikute alama. Aliikuta hata hivyo, akaizunguka.

Lakini siku ya kufunga kerezo ilikuwa siku njema; hilo Bi Pindo hakulikana hata baadaye, mambo yalipoharibika. Spana alikuja asubuhi na mfuko wa vyombo vyake. Timazi alikaa kwenye kigoda, akaamuru kiwiko chake kipimwe toka sakafuni, na meza ikatwe miguu mpaka ilingane na kiwiko hicho. Ikafungwa ukutani kwa vyuma viwili isicheze. Pimamaji ikawekwa juu yake kwa urefu, kwa upana, kwa mshazari. Kiputo cha ndani yake kikikimbilia pembeni, Timazi alidai kipande cha bati kiingizwe chini ya mguu, na Spana alilala tena kifudifudi.

"Shemeji," akalia kutoka chini ya meza, "hata mimi siku ya harusi yangu sikupimwa hivi!"

"Ndiyo maana ndoa yako inayumba," kaka yake akajibu.

Chini ya kerezo walitandika vipande vya mpira wa tairi ili lisitambae likizunguka, kisha bolti zikapita meza nzima, zikakazwa nati. Ncha mbili zikaletwa pamoja tena. Safari hii zilipishana kwa unene wa uzi, Timazi akakataa katakata kuwasha chochote mpaka zibusiane. Ilikwisha jua likiwa utosini. Spana akabonyeza swichi. Kerezo likaanza kuimba, sauti ya chini, ya kudumu, kama nyuki waliofungiwa ndani ya mtungi.

Timazi akamwambia mkewe alete glasi ya maji, ijae. Akaitaka iwekwe juu ya meza, ubavuni mwa mashine inayozunguka. Wote watatu wakainamia. Uso wa maji ulitulia, una mkunjo mmoja tu mwembamba ukingoni.

"Mmeona?" akasema Timazi, na uso wake ulikuwa wa yule kijana aliyekuja kumchumbia. "Mmeona kazi?"

Kisha akaichukua glasi ainywe. Maji yakamwagika kifuani, juu ya meza, juu ya swichi. Spana akawahi kuchomoa waya. Bi Pindo alifuta kwa upindo wa kanga yake, haraka haraka, kana kwamba ni yeye aliyemwaga.

*

Kazi ya kalamu si kubwa kwa maelezo. Unakata kijiti cha mraba, unakitoboa katikati kwa keekee, unagundisha mrija wa shaba ndani, unakivisha kwenye chuma chembamba kati ya kichwa na mkia. Kikizunguka, unakisogezea patasi mpaka pembe zife na mviringo uzaliwe. Unapitisha msasa, unapitisha nta, unakandamiza ncha huku na kibanio kule. Spana aliwatobolea vijiti vya kutosha gereji kwake, akavileta ndani ya kopo la rangi.

Timazi alikaa. Alibana kiwiko mbavuni kama alivyosema, akailaza patasi juu ya kiegemeo. Kwa kitambo kidogo ukasikika mlio mzuri, wa kitambaa kipya kinachopasuliwa, na utepe wa mbao ukaruka. Ndipo mtetemeko ukapita toka mkononi mpaka kwenye chuma. Patasi ikaanza kugonga, ta-ta-ta-ta, ikachimba, na kijiti kikapasuka vipande vilivyomrukia Bi Pindo usoni.

"Hicho kilikuwa na ufa," akasema Timazi.

Cha pili nacho kilikuwa na ufa. Na cha tatu. Bi Pindo alikaa kwenye cherehani yake akamshonea mkanda mpana wenye pamba ndani, wa kuufunga mkono kwenye kiwiliwili; akamshonea kikuku cha turubai chenye vipande vya chuma, kwa kuwa waliambiwa uzito hutuliza. Mumewe alivivaa vyote bila ubishi. "Nimekuwa farasi," alisema, "bado hatamu tu." Kwa mavazi hayo alifaulu kutoa kalamu moja. Ilikuwa na mabonde, na upande mmoja shaba ilichungulia. Bi Pindo aliisifia kupita kiasi, naye alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyesifia nyumba mbovu.

Kopo lilipokuwa linakaribia kuisha, Bi Pindo alisimama nyuma ya kigoda, akaweka mkono wake juu ya ule unaotetemeka, akaukandamiza. Patasi ikatulia. Kijiti kikaanza kunyooka mbele yao. Mikono yao ilikwenda pamoja namna hiyo mpaka katikati ya mbao, shavu lake karibu na sikio la mumewe, na harufu ya mbao iliyopata joto.

"Toa mkono," akasema Timazi.

"Si inakwenda vizuri?"

"Inakwenda kwa sababu yako. Mimi nipo katikati tu, kama shati ndani ya koti." Akavua mkanda, akavua kikuku, akanyanyuka kwenye kigoda. "Kaa wewe."

"Mimi ni mshonaji."

"Kaa."

Akakaa. Timazi alisimama ubavuni akimfundisha, na alikuwa mwalimu mzuri, mkali wa maneno machache. Usiisukume patasi. Iache mbao ije yenyewe. Sikiliza, usitazame. Bi Pindo aligundua kwamba anayajua tayari: kitambaa nacho hakisukumwi chini ya sindano, huongozwa tu, na sikio ndilo linalotangulia kujua uzi unataka kukatika. Kalamu yake ya kwanza ilitoka laini toka mwanzo mpaka mwisho. Alimkabidhi mumewe kwa mikono miwili, akicheka kwa haya.

Timazi aliipitisha kucha kwenye kiungo. Kucha haikukwama.

"Nzuri," akasema. Kisha akaenda kulala, ingawa ilikuwa mchana.

*

Binti alipopiga simu, Bi Pindo alimwambia: "Baba yako amepata mwanafunzi." Aliamini hivyo. Alijiambia kwamba mwanaume mwenye mtu wa kufundisha ana sababu ya kuvaa viatu asubuhi. Akagawa siku yake: cherehani mpaka adhuhuri, kerezo baada ya hapo, na Timazi kwenye kiti cha kuegemea, kando, akisahihisha.

Kigoda alikiacha upesi, akazoea kukereza amesimama; na kwa kuwa meza ilikuwa ya mtu aliyekaa, aliinama, na mgongo ukaanza kumlalamikia. Timazi alimtania: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Lakini siku moja Bi Pindo alitoka sokoni akakuta meza imeinuliwa. Spana alikuwa ameunganisha vipande vya mbao chini ya kila mguu, kwa gundi na skrubu, pimamaji ingali juu. Alisogea, akaweka viwiko. Vililingana sawasawa na meza.

"Nani kakupa kipimo changu?"

"Nimelala na hicho kiwiko mbavuni mwangu tangu lini?" akasema Timazi. "Meza ni ya anayefanya kazi. Mimi hainihusu tena."

Bi Pindo aliisikia zawadi tu. Alimbusu juu ya kichwa, mbele ya Spana, mpaka Spana akajitia anatafuta skrubu. Ile sentensi ya mwisho aliipita kama mtu anavyopita juu ya dimbwi, bila kutazama chini.

Mikono yake ikazidi kujua. Alijifunza kuifanya kalamu iwe nyembamba kiunoni, akajifunza kuoanisha mishipa ya mbao toka nusu ya chini mpaka ya juu, mpaka mtu asione ilipokatwa. Mwenye duka la vitabu akaweka chache dirishani. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, alinunua ya kwake, akarudi kutaka nyingine za kuwapa walimu wanaostaafu. Na kadiri kalamu zilivyonyooka ndivyo kiti cha pembeni kilivyonyamaza. Masahihisho yalipungua. Bi Pindo alidhani ni ugonjwa, maana sauti ya Timazi nayo ilikuwa imeanza kufifia, kila neno likitoka kama limefunikwa blanketi. Aliongeza bidii. Alitaka kumletea kila siku kalamu nzuri kuliko ya jana, kama mtu anayemletea mgonjwa matunda.

Siku aliyomletea moja ya mbao nyeusi, hakutaka hata kuiuza. Aliitengeneza kwa ajili yake. Akamwekea gazeti kuu­kuu magotini, akamfungulia ncha.

"Ijaribu. Andika jina lako."

Timazi akaishika. Herufi ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Ya pili ilikuwa ndogo. Ya tatu ikasinyaa zaidi, na zilizofuata zikawa kama miguu ya sisimizi, zikapandana, zikawa mstari, mstari ukawa nukta inayotetemeka mahali pamoja na kutoboa karatasi. Aliitazama nukta ile.

"Pindo," akasema, "kila siku ukiwasha hiyo mashine, unajua naomba nini?"

"Unaomba nini, mume wangu?"

"Naomba uharibu." Sauti ilikuwa ndogo, ilibidi mkewe ainame kuisikia. "Naomba ikuponyoke japo mara moja. Nakaa pale nikiomba. Wewe huharibu. Ningekuwa na mwanafunzi mjinga ningemrekebisha mpaka nife. Wewe umemaliza kujifunza, mimi bado nipo."

Bi Pindo alimchukulia kalamu mkononi kwa sababu wino ulikuwa unamchafua vidole. Hilo tu ndilo aliloweza.

*

Kesho yake aliharibu. Aliipandisha ncha ya patasi juu kidogo, akaizamisha, kijiti kikapasuka. Akatoa ukelele wa mshangao. Timazi siku hiyo hakuwa kwenye kiti. Alibaki kitandani, mlango umeachwa wazi. Bi Pindo akaenda na vipande viganjani.

"Sijui nimekosea wapi. Hebu nielekeze."

Timazi hakuvitazama. "Patasi ikiteleza inapiga kelele kwanza, ndipo mbao inapasuka. Hii imepasuka kimya. Umeisukuma."

"Sikui..."

"Nina masikio, Pindo. Mkono ndio uliokufa." Akageukia ukutani, na kugeuka kwenyewe kulikuwa kazi: bega kwanza, kisha nyonga, kisha mguu uliokuwa unasahau kufuata. "Usinionee huruma kwa mbao. Mbao haijakukosea."

Basi akaacha. Alilifunika kerezo kwa shuka ya zamani, akarudi kwenye cherehani toka asubuhi mpaka jioni. Alidhani kimya kitampa mumewe nafuu. Hakikumpa. Kilimfanya asikilize zaidi. Aliuliza mbona hukerezi. Akiambiwa nimechoka, alisema ni uongo. Akiambiwa naogopa kukuumiza, alisema ameshaumia, afadhali kalamu ziuzwe. Akiwasha, Timazi alivuta shuka mpaka masikioni. Hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Bi Pindo aliwasha, akazima, akawasha. Mwisho akakuta amesimama mbele ya mashine na kidole kwenye swichi, hajui amekuja kufanya lipi kati ya hayo mawili.

Alimwita Spana. Alimweleza yote uani, kwa sauti ya chini, akianika nguo ili mikono iwe na shughuli. Spana alisikiliza akipangusa vidole vyake vyenye mafuta, akipangusa na pale palipokwisha takata.

"Nitamrudishia randa yake," akasema mwishowe. "Hata kama haitumii. Ikae pale aione."

Akaenda kwa muuza mashine, akarudi jioni. Randa ilikuwa imeuzwa. Aliyeinunua ameing'oa mota, chuma kilichobaki amekiyeyusha. Spana alisema hivyo akiwa amesimama katikati ya karakana, pale ilipokuwa ile alama ya mraba, mikono imening'inia kama si yake.

Kerezo likang'olewa. Timazi mwenyewe ndiye aliyesema litoke, na safari hii hakwenda kutafuta ufunguo. Alitaka aketishwe karakana aone. Spana alilegeza nati moja moja. Ya mwisho ilikuwa imegoma kwa kutu, pale maji ya glasi yalipopenya, akapiga spana kwa nyundo mpaka ikalia.

"Taratibu," akasema Timazi. "Si adui."

Hilo lilikuwa neno lake pekee. Lilipopakiwa garini lirudi kwa muuza mashine, Bi Pindo alitazama uso wake akitafuta chochote, ahueni, uchungu, hata hasira. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshaanza kuugandisha uso huo, na haukuwa tena mlango wa kuchungulia ndani. Alimshika kwapani, wakarudi chumbani kwa zile hatua fupi fupi, kila kizingiti kikiwa mlima. Kizingiti cha karakana alikitengeneza Timazi mwenyewe, kirefu kiasi, ili vumbi lisiingie ndani.

Baada ya hapo hapakuwa na kitu kingine cha kujaribu. Daktari aliongeza dawa, kisha akabadilisha dawa, na kila mara alisema ukweli kwa upole uleule. Spana alikuja siku za mapumziko kumnyoa. Kitanda kilihamishiwa chumba cha mbele, karibu na cherehani, kwa kuwa Bi Pindo hakuweza kushona na wakati huohuo kukimbilia chumbani kila akisikia kikohozi. Mlio wa cherehani haukumsumbua Timazi. Haukuwahi kuwa wake.

Hapo ndipo alipowakuta mwalimu mkuu. Alibisha hodi, akaingia na sauti yake ya kengele, kisha alipoona kitanda akaipunguza. Kuna mwalimu anaondoka mwisho wa muhula, alieleza, amefundisha pale ujana wake wote, na wenzake wanamtakia kalamu kama zile, ya mbao nyeusi. Inawezekana?

Bi Pindo hakuinua macho kwenye pindo alilokuwa analishona.

"Haiwezekani, mwalimu. Fundi anaumwa."

"Oh. Pole sana, mama. Pole, baba." Mwalimu mkuu alimtazama aliyelala, akahesabu kwamba ndiye fundi, akaufungua mdomo atafute la kumwambia mtu mwenye kazi nzuri namna ile. "Mungu akuponye, fundi. Tutasubiri."

Alipoondoka, Bi Pindo aliendelea kushona. Hakujua kama amempa mumewe kitu au amemnyang'anya. Uzi ulikatika, akautunga upya, ukakatika tena.

"Umemwambia ni mimi," ikasema sauti kutoka kitandani.

"Nimemwambia fundi anaumwa."

Ilichukua muda mrefu kabla ya maneno mengine kufika. Siku hizi yalisafiri kwa miguu.

"Anasubiri," akasema Timazi. "Ungemwambia hatapona."

"Akirudi nitamwambia."

Timazi akafumba macho. Bi Pindo aliinuka, akamgeuza upande wa pili kama daktari alivyoagiza, akamfuta mate kwenye kidevu, akamwekea mto nyuma ya mgongo asirudi chali. Mkono wa kulia ulibaki nje ya shuka, ukicheza juu ya godoro. Akauingiza ndani, akarudi kwenye kiti chake, akakanyaga cherehani.